Kwa nini hadithi za mapenzi matulivu zinatushika hivi? Na je, Lamu yaweza kuwa na yake?

mshonaji_langoni

Assalaam aleikum jamaa.

Nina swali nimekaa nalo muda mrefu, na nataka jibu la watu wanaosoma kweli, si la kunifurahisha.

Mimi ni mshonaji, duka langu liko Langoni hapa Lamu. Kazi za wateja zikiisha nasoma kwenye simu, na ninachosoma ni zile riwaya za Kiingereza za mapenzi matulivu. Mnazijua: mji mdogo ambao kila mtu amjua mwenzake, mwanamke amerithi duka la mikate la shangazi yake, jirani ni daktari wa mifugo asiyesema sana, paa linavuja, mbwa anapotea na kupatikana, na kurasa za mwisho wanaoana. Hauawi mtu. Halogwi mtu. Hakuna anayetupiwa virago usiku wa manane na mtoto mgongoni.

Wifi yangu huniuliza: "Na mwisho waujua, sasa wasomea nini?" Ninachoweza kumwambia ni kwamba nikishika kitabu cha aina ile moyo hutulia, na bado siwezi kukiweka chini. Riwaya za Kiswahili tulizosomeshwa shuleni zilikuwa nzuri, nazipenda mpaka leo, lakini kila walipopendana watu wawili mimi nilianza kuogopa. Nilijua mmoja atakufa, au msichana atapata mimba afukuzwe, au watakwenda mjini waharibikiwe.

Kwa hiyo nauliza mambo mawili. Hadithi ambayo mwisho wake unajulikana, nguvu yake yatoka wapi? La pili ndilo linaloniuma zaidi. Nataka kuandika moja ya Kiswahili, ya humu Lamu, ya watu wetu na stara zao. Wenzangu wanambia haiwezekani, kwa sababu hapa kijana na binti hawakai mkahawani wakanywa kahawa wakitazamana. Ni kweli haiwezekani?

mwalimu_mambrui

Waaleikum salaam dada yangu. Nafundisha Kiswahili sekondari huku upande wa Malindi. Sikubaliani nawe, na nasema kwa heshima.

Kazi ya fasihi ni kumwamsha mtu. Umetaja mimba na kufukuzwa. Waandishi wetu waliyaandika hayo kwa sababu yalitokea, na huku kwetu yangali yanatokea. Nina wanafunzi wa kike wanaosoma hadithi ambazo mwanamume ni mpole, ana nyumba, hana deni dukani, hanyanyui sauti. Kisha wanaolewa na wanaume wa kweli. Nani atawafariji siku hiyo?

Kuhusu thamani ya vitabu vyenyewe: Uingereza walipojenga barabara ya M6 Toll, ile iliyofunguliwa mwaka 2003, walichukua nakala kama milioni 2.5 za riwaya za Mills & Boon, wale wachapishaji wa vitabu vya mapenzi, wakazisaga zikawa ujiuji, wakachanganya na lami ili ishikane vizuri. Kitabu kinachothaminiwa hakilazwi chini ya magurudumu.

bi_mkunga

Mwalimu, nimekusoma na nitakujibu. Lakini nianze na wewe mwanangu wa Langoni, ndiwe uliyeuliza.

Mimi nimezaliwa mtaa wa Mkomani, kule kule Amu, ndiyo Lamu kwa ulimi wetu. Nimekuwa mkunga maisha yangu yote ya kazi, sasa nimestaafu, nakaa Malindi kwa mwanangu. Vitabu hivyo nilivianza nikiwa bwenini, vikipita mkono kwa mkono, jalada limebanduka na kurasa za mwanzo hazipo. Nikaendelea navyo zamu za usiku mpaka nilipoacha kazi.

Wifi yako mwambie hivi. Siku ya kupamba, wanawake tunapokwenda kumtazama bibi harusi, mji mzima wajua kwamba bibi harusi ameolewa. Hakuna asiyejua. Mbona hakuna mwanamke anayebaki nyumbani akasema mwisho naujua? Twaenda kuona amepambwaje, asmini zimesukwa vipi, mamake atajizuia au atalia, nani amekuja aliyekuwa hasemi na nani. Mwisho ukishakuwa salama, macho hupata nafasi ya kuona mengine yote. Hiyo ndiyo siri ya vitabu hivyo. Havikuulizi nini kitatokea, vinakuuliza itakuwaje, na hilo la pili ndilo gumu kuandika.

Nakwambia kama mkunga. Wodini mimi sikujua mwisho, hata siku moja. Mwanamke aliingia akitembea, mkono kiunoni, na hakuna aliyeweza kuniapia kwamba watatoka wawili. Usiku ukitulia nilitaka kukaa saa moja na kitabu ambacho kimeniahidi kwenye jalada kwamba hawa watu watafika. Wanaosema huko ni kuukimbia ulimwengu hawajakaa zamu ya usiku. Niliitwa nikaenda, kila mara, na mikono yangu ilikuwa imara zaidi kwa kuwa nilikuwa nimepumzika mahali pazuri.

Na si mimi wa kwanza. Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908, na mwanzoni ilichapa vitabu vya kila namna. Ilishikamana na mapenzi miaka ya 1930, wakati kazi zimekauka na watu hawana kitu. Wasomaji wengi hata hawakununua. Walikodi kwa peni chache kwenye maktaba ndogo zilizokuwa ndani ya maduka. Canada nako kampuni ya Harlequin ilianza mjini Winnipeg mwaka 1949, na mwaka 1971 ikainunua Mills & Boon. Waandishi wa mapenzi wa Marekani wana chama chao, na sharti za chama hicho kwa riwaya ya mapenzi ni mbili tu: mapenzi yawe ndiyo uti wa hadithi, na mwisho uridhishe na uwe na matumaini. Yaliyobaki ni ya mwandishi.

Mwalimu, habari ya lami ni kweli, niliisoma. Ila wachapishaji huponda vitabu vya kila aina vilivyobaki maghalani, hata vya wanazuoni. Vya mapenzi vilijaza barabara kwa sababu vilichapwa vingi, na vilichapwa vingi kwa sababu vilisomwa.

Sasa la wanafunzi wako. Mimi nimewazalisha wasichana wengi. Niliowahurumia zaidi hawakuwa wale waliosoma hadithi wakatarajia makubwa. Walikuwa wale ambao hawakutarajia lolote. Nikimuuliza, "Mume wako alikuuliza wajisikiaje?", alinitazama kana kwamba nimesema Kichina. Binti aliyesoma kurasa mia mbili za mwanamume anayesikiliza atamtambua asiyesikiliza siku atakapokuja na posa. Hiyo nayo ni kuamsha, Mwalimu. Mtu haamshwi kwa kuonyeshwa moto peke yake.

Ukitazama vizuri, riwaya hizo zina ufundi wake. Kila mtu ana kazi, na kazi inaelezwa kwa makini: unga unavyoumuka, uzio unavyotengenezwa, ng'ombe anavyotibiwa. Mapenzi hayasemwi, yanafanywa kwa mikono. Mwanamume haji na maua, anakuja na ngazi apande kwenye lile paa lako linalovuja. Adui mara nyingi hayuko nje. Ni kiburi, au msiba wa zamani, au hofu ya mtu aliyeachwa mara moja asiyetaka kuachwa tena. Na majirani wamo humo humo, hasa vikongwe, wanaotia mkono wao pasipo kuombwa. Mwanangu, nitajie mtaa mmoja wa Amu usiokuwa na huyo kikongwe.

Ndipo nafika kwenye swali lako la pili, na hapa naomba nafasi.

Haiwezekani? Amu imejengwa kwa ajili ya hadithi hizi! Mapenzi ya haraka hayahitaji kitabu kizima, yahitaji kurasa kumi. Kinachojaza kitabu ni kizuizi. Wazungu wa leo wanahangaika kutafuta cha kuwazuia wapenzi wao, ndiyo maana wanawaletea theluji ifunge barabara. Jane Austen hakuhangaika. Aliandika Uingereza ya miaka ya 1810, ambako binti wa watu hakuachwa faragha na mwanamume. Riwaya zake sita zote zinakwenda kwa matembezi ya watu wengi, barua, na ngoma za kucheza mbele ya mama na shangazi. Karne mbili baadaye bado zasomwa.

Sasa tazama nyumba zetu. Daka liko nje, mgeni anakaa hapo, haingii. Ndani kuna kiwanda, yaani ua, kuna msana wa tini na msana wa yuu, zile kumbi ndefu za chini na juu, kuna zidaka ukutani zimepangwa vyombo. Mtu anayesikia sauti kutoka dakani hamwoni mwenye sauti. Anamjua kwa kikohozi chake, kwa jinsi anavyosalimu, kwa jinsi anavyomjibu mtoto aliyetumwa na kahawa. Kurasa arubaini zaweza kupita binti amempenda mtu kwa sauti tu. Kuna wikio, lile daraja la juu linalovuka kichochoro kutoka nyumba hadi nyumba ili wanawake wapite bila kushuka njiani. Kuna mapaa ambako jioni watu huzungumza nyumba kwa nyumba. Vichochoro ni vyembamba hata punda mwenye mzigo akija lazima mmoja asimame ukutani apishe. Unataka nini tena?

Na kofia. Kofia ya vito, ile inayoshonwa kwa sindano tundu kwa tundu, huchukua miezi. Mwanamke akitaka kumshonea mtu asiyekuwa mume wake bado, kipimo cha kichwa atakipataje? Hawezi kuuliza. Itabidi apitie kwa dadake huyo mtu, au kwa mtoto aibe kofia ya zamani siku moja airudishe kabla ya Ijumaa. Kila anayeshika siri hiyo atataka kujua zaidi. Hiyo ni sura nzima, na hakuna aliyegusana na mwenzake.

Kisha kuna jambo ambalo ninyi vijana hamlitumii kabisa. Sisi si watu wa kuolewa mara moja. Pwani hii mwanamke ameachwa, amekaa eda yake, ameolewa tena, na hakuna anayemshangaa. Wenzetu wa Ulaya wana fungu zima la hadithi za mapenzi ya mara ya pili na wanaliona jipya. Chukua mjane. Eda yake ni miezi minne na siku kumi. Katika Sura al-Baqara, aya ya 235, Mwenyezi Mungu anasema hakuna ubaya mwanamume kuashiria kwamba anataka kuposa, au kuliweka moyoni, lakini wasiahidiane kwa siri. Kuashiria! Kwa hiyo huyo mwanamume ana miezi minne na siku kumi za kutosema. Ataleta samaki kwa mamake mjane, atatengeneza bawaba ya mlango iliyolegea, ataulizia watoto. Mwandishi anayejua kazi yake hahitaji kizuizi kingine, na hiki kina heshima ndani yake, kwa marehemu na kwa mjane.

Mwana Kupona binti Msham alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu alipomwandikia bintiye Mwana Hashima ule utenzi mwaka 1858. Sikubaliani na kila anachomtaka mke afanye, na tumebishana sana juu yake, mimi na dada zangu. Lakini angalia alivyotazama vitu vidogo: mume amelala, usimwamshe kwa kelele, mpepee. Mwanamke mgonjwa, karibu na kifo, bado anakumbuka namna ya kumpepea aliyelala. Jicho hilo tulikuwa nalo kabla ya hizo riwaya kutufikia.

Sharti langu ni moja, na nakuomba ulishike. Usituletee mzungu aliyekuja kupumzika Shela akampenda kijana wa mashua. Hadithi hizo zipo za kutosha, na ndani yake sisi ni mandhari. Anza na mtu wa Langoni, umalize na mtu wa Mkomani.

nahodha_matondoni

Bi Mkunga, shikamoo. Mimi ni mwanamume na nasoma hadithi hizi, sioni haya. Usiku tukilala chomboni nasoma simulizi za Watanzania kwenye simu, na wenzangu wananiambia niwasomee kwa sauti.

Dada mshonaji, nikupe la kwetu. Ukitaka mwanamume asiyesema sana lakini kazi yake yaonekana, mchukue fundi wa majahazi hapa Matondoni. Chombo kinaanza na mkuku, ule uti wa chini, kisha mataruma, ndizo mbavu, kisha mbao moja baada ya moja, na mwishoni anakaa anakalafati, anatia pamba kwenye kila upenyo. Ni kazi ya mtu mwenye subira. Kosa dogo halionekani pwani, linaonekana baharini. Na mwenye chombo akikosa pesa kazi inasimama, mbavu za chombo zinakaa juani msimu mzima na kila mtu anazipita. Kama huyo fundi ametaja mahari baada ya chombo kuisha, basi kijiji kizima kitakuwa kinahesabu mbao pamoja naye.

Na usisahau upepo. Kusi likikaza bahari inachafuka, vyombo vidogo havitoki, watu wako pwani, mchana ni mrefu. Kaskazi likiingia kila mtu ana kazi na harusi zinapangwa. Mwandishi asiyejua ni msimu gani atamwoza mtu siku ambayo ndugu zake hawawezi kuvuka kuja.

Halafu huyo daktari wa mifugo wa Ulaya, mbona wetu yupo? Kituo cha Donkey Sanctuary kimekuwa Lamu tangu mwaka 1987, wanatibu punda. Mji ambao mzigo mwingi, kuanzia mchanga hadi saruji, unabebwa na punda, kijana anayeosha vidonda vya punda wa watu na kumgombeza mwenye punda kwa upole atajulikana kila nyumba. Mimi ningemsoma huyo.

mtunzi_wa_tanga

Nawasalimu kutoka Tanga. Mimi naandika simulizi na kuziuza kwenye makundi ya WhatsApp: sehemu za mwanzo bure, zinazofuata mtu analipa kwa simu ndipo natuma. Ndiyo njia ya wengi wetu huku, kwa kuwa kumpata mchapishaji ni kazi.

Yote aliyosema Bi Mkunga ni kweli, ila dada jiandae kwa jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Namna ya kuuza inaiharibu hadithi tulivu. Ukiuza sehemu kwa sehemu, kila sehemu lazima imwache msomaji na njaa, la sivyo halipii ya kesho. Njia rahisi ya kumwacha na njaa ni bastola, sumu, au mke wa kwanza kutokea mlangoni. Nilijaribu kuandika mapenzi ya mwalimu wa chekechea na muuza samaki, bila adui, na ilipofika katikati wasomaji waliniandikia: "Mbona hakuna kinachotokea?" Wakataka mama mkwe mchawi. Niliumia, kwa sababu mama mkwe wangu katika hadithi ile ndiye niliyempenda kuliko wote.

Nilichokuja kugundua ni kwamba njaa inaweza kuwa ya jambo dogo, mradi msomaji awe amelitaka kabla. Sehemu moja niliimaliza muuza samaki akiwa amesimama nje ya shule na mwavuli uliosahauliwa, hajui aingie au auache kwa mlinzi. Hakuna aliyelalamika siku ile. Walibishana mpaka usiku aingie au asiingie. Lakini nilikuwa nimewaandaa kwa sehemu tatu wajue kwamba yule mwalimu hapendi watu wamfanyie mambo, na kwamba muuza samaki tayari ameshakataliwa samaki wake wa bure. Kwa hiyo katika hadithi hizi maandalizi ndiyo kazi kubwa. Msomaji akijua vizuri kile mtu anachokiogopa, mwavuli unatosha.

Ushauri wangu: andika yote kwanza, mpaka nukta ya mwisho, kabla hujamwonyesha mtu. Ukianza kuuza katikati, wateja ndio watakaokuandikia.

Na kwa wanaosema hadithi za mapenzi haziwezi kukaa kwenye mji wa Kiislamu, watazame Kano, Nigeria. Tangu miaka ya 1980 kuna vitabu vya mapenzi vya Kihausa, vijitabu vyembamba vinavyouzwa sokoni, vingi vimeandikwa na wanawake, na vimekuwa vikisomwa redioni pia. Si vyote vitulivu, vina ukewenza na ndoa za kulazimishwa ndani yake, na wamepata lawama nyingi. Lakini ni vyao, kwa lugha yao, kuhusu nyumba zao. Hawakungoja mtu wa London awaruhusu.

mwalimu_mambrui

Bi Mkunga, shikamoo, na asante kwa jibu refu. Hoja ya msichana asiyetarajia lolote imenigusa, nitaifikiria.

Bado nina shaka moja na siiachi. Mji mtulivu wa kitabuni mara nyingi ni mji ambao maskini wake hawaonekani. Mwenye duka la mikate yupo, anayeosha masinia hayupo. Ukiandika Lamu, dada, mwandike na yule anayesukuma punda wa mtu mwingine kwa ujira wa siku, na yule aliyehamia kutoka bara anauza maji, na bei ya unga. Kama utulivu wa hadithi yako unadumu hata hao wakiwemo, nitaipeleka darasani mwenyewe.

bi_mkunga

Marahaba Mwalimu. Hapo umesema, na sina la kupinga. Riwaya nyingi nilizosoma zina kasoro hiyo hasa. Pesa zapo tu, hakuna anayeulizwa zimetoka wapi. Kwetu mahari na kodi ya chumba ndivyo vinavyochelewesha ndoa kuliko kiburi, basi viingie kwenye kitabu kama kizuizi cha kweli, vihesabiwe kwa shilingi. Hakuna kitu kinachonipa raha kwenye hadithi kama kuona watu wawili wamekaa na daftari wakipanga namna ya kumudu.

mshonaji_langoni

Nimesoma yote mara mbili, na mengine nimemsomea wifi. Kuhusu kupamba alicheka, akasema, "Basi mwambie huyo bibi kwamba mimi huenda kwa ajili ya biriani." Lakini jioni alirudi kuniuliza yule muuza samaki aliingia au aliuacha mwavuli kwa mlinzi. Mtunzi wa Tanga, una msomaji mpya, mtumie.

Nimeamua. Ni mjane, ana miaka thelathini na kitu, ana watoto wawili, anashona. Sitamfanya kijana mbichi. Mwanamume ni fundi wa Matondoni, na chombo alichokuwa akijenga kimesimama kwa sababu mwenye chombo aliishiwa pesa, kama alivyosema nahodha. Chombo hicho kilikuwa cha marehemu mume wa mjane. Kwa hiyo huyo fundi anadai ujira wake kwa mjane, na hawezi kumdai akiwa edani, na mjane anajua kwamba anadaiwa. Mwalimu, deni litakuwemo kutoka ukurasa wa kwanza, na kiasi chake nitakiandika. Bi Mkunga, siku za eda nitazifuata moja moja.

Kinachonisumbua sasa ni watoto. Katika riwaya nilizosoma, mtoto wa mjane humpenda baba mpya upesi mno, anampa mkono tu basi. Mimi najua watoto wa majirani zangu walioletewa baba wa kambo, na haikuwa hivyo. Mvulana wa miaka kumi anayemkumbuka babake vizuri hatafurahi kuona mtu mwingine akigusa zile mbao. Nafikiri yeye ndiye atakayechukua muda mrefu kuliko mama. Pengine hadithi yenyewe ni ya fundi na huyo mtoto kwa nusu ya kitabu, na mama anawatazama kutoka juu.

Swali dogo la mwisho kwa wote: watu wangu wasemeje? Nikiwaandikia Kiswahili cha shule wanakuwa kama watangazaji wa redio. Nikiandika Kiamu kitupu naogopa wa bara hawatafuata.

nahodha_matondoni

Huyo mvulana mpe kazi ya pamba. Watoto ndio wanaoanza nayo, kuisokota na kumpa fundi. Mikono ikiwa na shughuli, mdomo hufunguka wenyewe.

mtunzi_wa_tanga

Mazungumzo yaache kwa Kiamu, masimulizi andika kwa Kiswahili cha sote. Neno gumu usilifafanue, liweke mahali ambapo matendo yatalieleza. Mimi wa Tanga nitafuata, na nisipofuata nitakuuliza. Sura ya kwanza ikiwa tayari nitumie kabla ya mtu mwingine, na unambie mapema kama unataka nikusifu au nikukosoe.

mshonaji_langoni

Unikosoe.